Daftari la Bwana Rubeni Limeibwa

Jumatatu, 14 Julai 2025

Daftari langu la siri, nisamehe. Miezi saba sijakuandikia, tangu Anania azaliwe. Siyo dharau. Mtoto anaota meno, na mimi nalala kwa vipande.

Habari kubwa: nimemaliza hadithi. Kuna mama mmoja Mbeya, Frida, anakusanya hadithi mpya za upelelezi za mtindo wa kale: ukungu, magari ya farasi, bwana mwenye kiko anayekuangalia viatu na kujua umetoka wapi. Atachukua kumi, afanye kitabu. Mwisho Jumamosi hii. Mpelelezi wangu anaitwa Bwana Rubeni. Mkufu wa bibi tajiri umepotea, na mwizi ni mtumishi wa ndani. Nikichaguliwa, itakuwa mara ya kwanza jina langu kuchapwa mahali pengine zaidi ya kadi ya kliniki.

Jana nilimsomea Fatu, jirani wa chumba cha pili, muuza vitenge. Alisikiliza vizuri mpaka mwisho, akanuna. Akasema kwa nini kila siku mtumishi. Nikamwambia ndivyo zilivyo hadithi hizi. Akasema basi zibadilike. Nikakataa. Hadithi ni yangu.

Usiku mtoto hakulala kabisa. Asubuhi ya leo siikumbuki vizuri.

Jioni: daftari la hadithi halipo. Nimepekua chini ya godoro, kwenye pipa la unga, ndani ya beseni la nepi. Halipo.

Jumanne, 15 Julai

Halipo. Lucky, mume wangu, anayepakia malori pale forodhani, kasema nimuulize Fatu tu. Wanaume hawajui kazi hii. Bwana Rubeni haulizi. Anatazama. Ukimuuliza mshukiwa, umemshtua.

Nimetazama. Fatu ana wino mweusi kidole cha shahada. Muuza vitenge, wino wa nini? Na leo kanisalimia kwa furaha kupita kiasi. Kanipokea Anania nikafue, kama kila siku. Nilimwachia, lakini nilifua huku nimegeukia mlango wake.

Jumatano, 16 Julai

Nimepata uzi wa kufuata.

Jana asubuhi nilimwona Fatu akitoka na mkoba. Simu yangu mpya ilisema saa moja na dakika tano. Leo nikamuuliza, kwa ujanja, kama mtu anayeongea mambo ya hali ya hewa, jana alitoka saa ngapi. Akasema saa mbili, alikuwa anaenda steshenari, kwani vipi? Nikasema hamna.

Saa nzima kaificha. Na steshenari zote hapa Tunduma hazifungui kabla ya saa mbili. Saa moja, kwenye ukungu wa asubuhi, alikuwa anapeleka nini, na wapi?

Nimechelewa kliniki leo. Nesi alinisema mbele ya kina mama wote, eti nimefika saa nne badala ya saa tatu. Saa yake mbovu. Sikubishana, nina kesi kubwa zaidi.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbili zimebaki. Nilianza kuiandika hadithi upya kutoka kichwani. Nikafika ukurasa wa pili, Anania akautafuna.

Fatu kapita dirishani anaimba. Mtu asiye na hatia anaimba Alhamisi?

Kesho nitafanya kama Bwana Rubeni: nawakusanya wote mahali pamoja, naeleza hatua kwa hatua, mwizi anatetemeka, analitoa. Hamna njia nyingine ya kuwahi Jumamosi.

Ijumaa, 18 Julai

Nitaandika haraka kabla sijabadilisha ukweli.

Niliwaita uani jioni, baada ya Fatu kurudi sokoni. Alikuja yeye, Lucky, na Mzee Jairo mwenye nyumba, aliyebeba kigoda chake akidhani ni kikao cha bili ya maji. Nikatembea huku na huku, Anania mgongoni. Nikaeleza ugomvi wa ule mwisho wa hadithi. Nikaeleza wino. Lucky akawa anatazama chini. Nikafika kwenye saa. Nikasema Fatu anadai alitoka saa mbili, lakini saa yangu inasema saa moja, na saa haina jirani wala rafiki.

Mzee Jairo akauliza, "Saa ya wapi hiyo, mama? Ya kwetu au ya ng'ambo?"

Nikasema saa ni saa. Akaomba simu. Akaitazama, akaitazama ya Lucky, akacheka mpaka kigoda kikayumba. Akasema simu yangu imedaka mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kule wako nyuma saa nzima. "Huyu mpelelezi wetu anaishi Zambia, hapa anakuja kulala tu."

Sisi tumehamia wiki tatu zilizopita kutoka Ihanda. Ihanda hakuna saa za aina mbili.

Fatu hakucheka. Akauliza, daftari? Lile la hadithi? Akaingia ndani, akatoka nalo, na karatasi zilizochapwa juu yake. Akasema, "Mama Anania, si ulinipa mwenyewe Jumatatu alfajiri? Macho umefumba, mtoto begani, ukasema nikuchapishie, maana wewe huna nguvu ya kutoka. Nimekwenda mara tatu, umeme unakatika. Wino huu ni wa mashine yao. Jana wameshaituma Mbeya."

Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba amefanya kazi za ndani miaka kumi na moja. Kikipotea kijiko, mkoba wake ndio ulikuwa unakung'utwa kwanza. "Leo na wewe, mwenzangu."

Akafunga mlango. Mzee Jairo akauliza kama kikao cha maji bado kipo.

Jumamosi, 19 Julai

Nimesoma zilizochapwa. Mwisho umebadilishwa. Mtumishi hana kosa. Mkufu uko ndani ya koti la Bwana Rubeni mwenyewe, aliuweka humo kwa usalama akasahau. Na imeshakwenda hivyo.

Nilikasirika mpaka nikasimama mlangoni kwake. Nikarudi. Nikapika maharage ya Ihanda, nikampelekea, nikasema nimekosa. Akayaonja, akasema chumvi imezidi, halafu, "Lete mtoto, nenda kalale."

Nililala saa nne nzima. Za Tanzania.

Jumapili, 27 Julai

Frida kapiga. Imechaguliwa. Kasema kilichomvutia zaidi ni ule mwisho, hajawahi kuona mpelelezi akijikamata. Akauliza nimeutoa wapi. Nikasema tumeandika wawili, aweke jina langu, Nesta, na la Fatu. Fatu kasikia, kapiga vigelegele mpaka Anania akalia.

Sasa, jambo zito. Kofia ya Anania ya manjano haipo tangu Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku mama mkwe alirudi Ihanda baada ya kututembelea, na aliondoka haraka mno kwa mtu asiye na la kuficha. Sitamuuliza.

Ujumbe kwa dada Judith, Ihanda. Vitu ambavyo bado nahitaji unitumie kwa basi la kesho:

Lenzi ya babu ya kusomea Biblia.
Unga wa muhogo nusu kilo, uchekeche mara mbili, wa kuonyesha alama za vidole.
Uzi mwekundu na pini, boksi moja.
Kofia nyingine, mtoto anapigwa na baridi.
Picha ya soli za viatu vya mama mkwe, vyote viwili. Mwambie unampima malapa.