Mume wa Robi na Kanuni ya Kumi na Nne

Kuanzia tarehe mosi Machi mwaka 1956, kuugua ovyo kulipigwa marufuku katika mpaka mzima wa Sirari. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kampuni ya chai kwa wino mwekundu. Lilisema kila atakayevuka kwenda Kenya kuchuma chai ataugua kwa utaratibu, kwa kadi, yeye na mke wake na watoto wake, na dawa atakayopewa itakuwa imeandikwa na mtu mwenye ruhusa ya kuandika na kusomwa na mtu mwenye ruhusa ya kusoma. Chini yake palikuwa na sahihi ya aliyelitunga: F. Nyangi, Karani Mkuu wa Kadi za Afya.

Karani mdogo hakuwapo. Filemoni Nyangi alikuwa mkuu wa meza moja, kiti kimoja na mhuri mmoja, na alivitawala vyote kwa haki. Alikuwa amemaliza darasa la nane misheni, akaona inatosha, hata imezidi. Sisi watu wa Tarime ndivyo tulivyo. Mpe mmoja wetu mhuri leo, kesho atataka apigiwe magoti.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaelimisha vibarua kuhusu bima. Aliwakusanya uwanjani, akapanda juu ya sanduku, akawaambia kwamba kila mwezi mtu atakatwa senti chache kwenye mshahara ili siku atakayougua asilipe kitu. Mseti, kibarua aliyekuwa amekwenda Kericho mara mbili na kwa hiyo kujiona profesa, akauliza itakuwaje asipougua. Filemoni akasema hapo atakuwa amemsaidia aliyeugua.

"Huyo aliyeugua ni wa ukoo gani?" akauliza Mseti.

Filemoni akapekua kijitabu cha kampuni kuanzia jalada mpaka jalada. Mambo ya koo hayakuwamo. Akasema bima haina ukoo, na uwanja mzima ukanung'unika, kwa maana walikuwapo watu pale ambao wasingewapa walio ng'ambo ya mto hata maji ya kunawa, sembuse dawa. Nusu saa ilipita wakibishana. Mwishowe walikubali kulipa kwa sharti kwamba hawataambiwa nani aliugua. Filemoni akaandika kwenye ripoti yake kwamba wananchi wameipokea bima kwa furaha na utulivu.

Akaja kwenye dawa. Akaeleza kwamba karatasi ya dawa iliyoandikwa hospitali yoyote ya Tanganyika, ikishavuka Isebania, ni karatasi tu. Haiwezi kutoa kidonge huko ng'ambo mpaka igongwe mhuri hapa Sirari, nao mhuri haugongwi mpaka jina la mgonjwa liwe kwenye kadi. Mtu mmoja akauliza kama ugonjwa nao hugeuka ukivuka mpaka. Filemoni akamjibu kwamba ugonjwa ni ule ule, kinachogeuka ni ofisi. Jibu hilo lilimfurahisha mwenyewe mpaka akalirudia.

Aliyekuwa juu ya Filemoni ni Bwana Wilkoti, Meneja wa Afya wa kampuni. Hakuwa daktari. Wakati wa vita alikuwa akihesabu mablanketi ya jeshi, na hakuna hata moja lililopotea, ndipo wakubwa wakaona anafaa kutunza wagonjwa. Jambo lililomkosesha usingizi Bwana Wilkoti ni wake walioandikwa kwenye kadi. Vibarua walikuwa wakiandikisha dada zao na shemeji zao kama wake ili watibiwe. Akaamuru kila mke alete cheti cha ndoa. Vyeti havikupatikana. Ndoa zetu zilikuwa zizini, hazikuwa kwenye makabati.

Hapo ndipo Filemoni alipotunga Kanuni ya Kumi na Nne, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, siku tatu bila kupumzika: mke ni yule aliyetolewa ng'ombe, nao ng'ombe wakaonekana na mashahidi wawili ambao ni waume halali wenye kadi. Ilikuwa imeisha, lakini aliona fupi mno kwa cheo chake. Akaongeza, "Kanuni hii inawahusu wote wenye kadi, bila kubagua dini, rangi wala cheo." Maneno hayo alikuwa ameyasikia siku wageni wa Umoja wa Mataifa walipopita wilayani, akayapenda kama mtu anavyopenda koti la mwenzake. Bwana Wilkoti alitia sahihi akinywa chai. Makao makuu Nairobi wakaisifu mno kanuni hiyo, wakamwandikia Bwana Wilkoti barua ya pongezi. Filemoni aliruhusiwa kuishika ile barua kidogo.

Wiki ya pili yake akaja Boke.

Boke alikuwa mjane wa umri wa mama yake Filemoni, mrefu, mikono migumu kwa jembe. Nyuma yake alisimama mwanamke kijana aitwaye Robi, ameshika karatasi ya dawa kutoka hospitali ya misheni. Filemoni akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaambiwa shida. Robi alikuwa na kifafa. Vidonge vya misheni vilikuwa vimemtuliza mwaka mzima, hakuanguka hata mara moja. Vilivyobaki vilikuwa vya siku kumi na mbili. Boke amepata kazi ya kuchuma chai, gari linaondoka baada ya siku kumi, na Robi haajiriwi, kwa kuwa kampuni haiajiri mtu anayeanguka. Kwa hiyo aandikwe kwenye kadi ya Boke, karatasi igongwe mhuri, dawa isikatike.

"Nimwandike kama nani wako?" akauliza Filemoni.

"Mke wangu," akasema Boke.

Filemoni akakohoa. Si kwamba hakuelewa. Kila mtu Tarime anaelewa: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa binti, na watoto wa binti huyo wakawa wa nyumba yake. Nyumba hiyo huitwa nyumba ntobhu, na ng'ombe wake ni ng'ombe kama wengine. Lakini Filemoni alikuwa mwanakwaya, tena alikuwa na kalamu mbili mfukoni. Akasema suala hili linahitaji kufikiriwa katika ngazi inayohusika. Boke akauliza ngazi hiyo iko wapi. Filemoni akamwambia arudi Alhamisi.

Alhamisi akamwambia fomu hazipo. Jumatatu akamwambia fomu zipo ila hazina mahali pa kuandika mume wa kike. Jumanne alimtaka alete barua ya mtemi, na Boke alipoileta akasema hakuomba barua ya mtemi, aliomba maelezo ya mtemi. Boke alikwenda na kurudi kwa miguu, na Robi nyuma yake. Siku ya tisa Filemoni alikuwa akitafuta sababu mpya aliposikia kishindo nje.

Robi alikuwa ameanguka kwenye ngazi ya ofisi. Baadaye ikajulikana kwamba tangu Jumapili alikuwa akimeza kidonge nusu ili vimfikishe Kericho. Boke alikuwa amepiga magoti, amemlaza ubavu, amemwekea khanga chini ya kichwa, na alikuwa akimwita jina lake polepole. Filemoni alisimama mlangoni na mhuri mkononi, akajiona mjinga. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na kusema kweli ilikuwa imechelewa.

Robi alipotulia, Boke aliinuka, akamtazama karani usoni.

"Mwanangu," akasema, "Nyangi aliyetoa ng'ombe kwa ajili ya mama yako nilimfahamu. Tulilima naye bega kwa bega. Alipokuwa anaumwa, mama yako ndiye aliyemwosha. Wewe jina lake umelibandika pale mlangoni, halafu mimi unaniuliza Robi ni nani wangu."

Filemoni alikuwa amewaambia wenzake wote wa misheni kwamba Nyangi alikuwa mwanamume, tena sajini. Uongo huo aliulea miaka kumi na moja, akaupandisha cheo, mwishoni sajini Nyangi alikuwa na nishani. Sasa foleni nzima ilikuwa imesikia. Alingoja aibu imwue. Haikumwua. Mseti aliyekuwa kwenye foleni alisema tu kwamba hata yeye anamkumbuka bibi Nyangi, alikuwa mkali.

Filemoni akarudi mezani, akavuta kadi, akaandika. Mume: Boke. Mke: Robi. Ng'ombe: kumi na wanne. Akaandika na rangi zao, kwa kuwa Boke alizitaja mmoja mmoja bila kusita, mpaka yule mwenye pembe moja. Mashahidi walikuwa Mseti na kibarua mwenzake Nyamhanga, waume halali wenye kadi, waliokuwapo siku ng'ombe wanahesabiwa. Akagonga mhuri kwenye kadi, akagonga kwenye karatasi ya dawa, na kwa haraka yake akagonga na meza. Kesho yake Boke na Robi wakavuka. Method, dresa mgawa dawa wa zahanati ya shamba la chai, aliisoma karatasi, akahesabu vidonge thelathini, na Robi akawa na dawa ya mwezi mzima.

Mambo yangeishia hapo kama Bwana Wilkoti asingekuwa mtu wa kusoma kadi. Aliisoma. Alikuja Sirari kwa Landrova, akaitupa kadi mezani, akasema hii si ndoa, huyu si mume, na huu ni wizi wa dawa za kampuni. Filemoni akajibu kwamba kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Nne ng'ombe wapo na mashahidi wapo.

Bwana Wilkoti hakuweza kuifuta kanuni iliyomletea pongezi. Akatabasamu. Akaamuru kadi zote za kampuni zikaguliwe upya, moja baada ya nyingine, bila kumwonea haya mtu, na mke yeyote ambaye ng'ombe wake hawatathibitishwa dawa yake isimamishwe siku hiyo hiyo. Alikuwa na hakika Robi hatapona katika wavu huo. Amri akaitia sahihi. Filemoni akaomba aruhusiwe kuitekeleza neno kwa neno, na Bwana Wilkoti akampiga bega akisema ndivyo mtumishi mwema anavyopaswa kuwa.

Ukaguzi ulichukua wiki mbili. Kadi zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Mashahidi walisimama, wakaapa, wakabishana kuhusu madoa ya ndama waliokufa zamani. Mashahidi wa Robi hawakubabaika hata kwa mkia. Kadi mia mbili na kumi na moja zilipita.

Moja ilianguka. Jina la mume: Wilkoti. Ng'ombe: hakuna. Filemoni aliitazama kadi hiyo muda mrefu. Akawaza kuificha, akawaza mshahara wake, akawaza tena amri ya neno kwa neno. Akaandika barua kwa Method, kwa heshima zote, na kesho yake Memsahibu Wilkoti alipotuma mtu kuchukua vidonge vyake vya pumu, dresa akasema samahani, mkubwa mwenyewe ameagiza.

Landrova ilirudi Sirari na vumbi la hasira. Memsahibu alikuwamo, mama mpole, anapumua kwa filimbi. Bwana Wilkoti alipiga kelele mpaka akachoka. Filemoni akamweleza kwamba kuna njia mbili tu: kuandikia Nairobi kwamba kanuni iliyosifiwa ni ya kipuuzi, au kutoa ng'ombe. Memsahibu ndiye aliyeuliza, kwa Kiswahili kizuri kuliko cha mumewe, kawaida ni wangapi.

Bwana Wilkoti alinunua wanane mnadani. Jumapili waliletwa mbele ya nyumba za vibarua kule shambani, Filemoni akiwa amevuka na daftari lake. Wakahesabiwa, sasa wakatakiwa mashahidi. Mseti alikubali, kwa kuwa alipenda kuwa mahali penye jambo. Wengine walikataa mmoja mmoja. Walisema ng'ombe hawajapokelewa na wakwe, na baba wa Memsahibu amekufa Uingereza zamani, na mtu anayetoa ushahidi wa uongo juu ya ng'ombe hamalizi mwaka. Bwana Wilkoti aliwasihi. Aliwafuata mpaka milangoni, kofia mkononi, na mkewe amekaa kwenye kiti akivuta pumzi.

Akabaki mume mmoja ambaye hakuwa ameulizwa.

Boke alikuwa ameketi nje ya chumba chake, Robi akimenya viazi pembeni. Bwana Wilkoti alisimama mbele yake, akageuza kofia mara mbili, akamwomba. Boke alikwenda akawatazama ng'ombe meno na miguu, akarudi, akashika kamba ya yule wa mbele, akaiweka mkononi mwa Memsahibu.

"Mwanamke akiweza kutoa ng'ombe, anaweza kupokea," akasema. "Wamepokelewa. Nimeona."

Memsahibu aliishika kamba kwa mikono miwili. Filemoni akafungua daftari, akasoma kwa sauti kama sheria inavyotaka, kwamba shahidi wa pili, Boke, ni mume halali mwenye kadi, na kwamba mwombaji anakubali hivyo kwa sahihi yake. Boke akaweka dole gumba. Bwana Wilkoti aliyasoma maneno yale mara tatu, na mkewe alipokohoa, yeye akatia sahihi.

Method akahesabu vidonge thelathini. Boke akamwambia Bwana Wilkoti asimkatie mkewe hata siku moja, maana ukikata ugonjwa unarudi na hasira, na kama kuna jambo haelewi aje aulize, waume huambiana. Bwana Wilkoti akasema atakuja.