Kalondu na Saa Nzima ya Kutoshika Simu

Sogezeni vigoda, enyi watu wa Mitaboni. Nawe wa Katelembo uliyekuja kununua maembe ukabaki kwa umbeya, sogea pia. Vita vya mababu mmevisikia vya kutosha. Leo pokeeni habari za Kalondu binti Musili, Mwenye Vidole Vyepesi, Malkia wa Chaja, aliyekaa saa nzima bila kushika simu, na akaishi.

Ikawa kwamba Kalondu aliziacha cherehani za kiwanda cha nguo huko EPZ, Athi River, akajifungia chumbani miezi minane, pazia limeshuka, akiunda programu ya simu ya kuwarudisha wanadamu kwa miti na udongo. Yeye mwenyewe jua alilijua kwa kulisikia. Programu akaiita Shika Udongo, na sheria yake ilikuwa moja, kali kama pilipili: laza simu kifudifudi ardhini, ushughulike na shamba au miti saa nzima, na jani la kijani litachipua kwenye kioo. Ukiiinua simu kabla ya saa kutimia, jani linanyauka, unaanza upya.

Mashujaa walianguka kama kumbikumbi. Ramadhan muuza simu, mtu afungaye mwezi mzima bila kunung'unika, alishindwa dakika ya nne. Katekista Bartholomew alifika kumi na moja, akasema aliinua tu kuangalia saa. Na Kalondu, mama wa sheria hiyo, alikuwa amejaribu mara tisa, na majani tisa yalikuwa yamemfia mkononi.

Sasa waamuzi wa shindano la programu alilojiandikisha wakaandika: tuonyeshe mtu mmoja aliyemaliza, kabla ya saa sita mchana leo, la sivyo jina lako tunalifuta. Likifutwa, Jumatatu ni cherehani.

Saa nne na nusu shujaa akashuka shambani kwa nyanya yake, Susu Kalekye, Jemadari wa Majembe, aliyekuwa na akina mama wa mwethya, wale wa kulimiana kwa zamu, wakichimba mtaro wa kuzuia maji yasibebe shamba.

"Susu, nisaidie. Niko na saa moja na nusu tu."

Susu akaegemea jembe kama mfalme aegemeavyo mkuki. "Mjukuu wangu, umetengeneza mashine ya kuambia watu washike udongo?"

"Ndio, susu."

"Na udongo ndio huu, uko hapa bure."

"Ndio."

"Haya. Mungu ni mvumilivu. Laza hiyo kitu hapo kwa ukingo. Na sheria ya mwethya unaijua: mwenye kuweka jembe chini kabla mtaro uishe, atatupikia isyo sisi wote, na kuni anatafuta mwenyewe."

Walikuwa wanawake kumi na wanne. Kalondu akayatazama matumbo yao, akayapigia hesabu ya mahindi na maharagwe ya isyo, akashika jembe.

Dakika ya kumi, viganja vikatoa malengelenge. Dakika ya thelathini, mkono wa kulia ukaanza kwenda ukingoni wenyewe, kama punda ajuaye njia ya kisimani, akaurudisha. Dakika ya hamsini na mbili, simu ikalia.

Ikatetemeka hata vumbi likaruka. Kalondu akasimama, jembe hewani. Huenda ni waamuzi. Akamtafuta Susu kwa macho, asimwone. Alikuwa ameenda nyuma ya migomba, na mtu mzima haulizwi aendako huko.

"Chukua tu, mama," akasema Kavutha jirani, mwenye ulimi mtamu na kisu ndani yake. "Isyo mimi naipenda na mafuta mengi."

Ndipo Kalondu akatoa hotuba yake kuu. "Lia, ewe mtoto wa betri. Lia mpaka ushibe. Leo mimi si mama yako." Na jembe likashuka.

Simu ikalia mara tatu, ikachoka. Jembe nalo likafukua mzizi mnene wenye chipukizi.

"Huo ni mukau," akasema Susu, amesharudi. "Babu yako aliukata akajengea nyumba aliyozaliwa baba yako. Bado unakataa kufa."

Kalondu akapiga magoti, akaurudishia udongo kwa mikono miwili, polepole, akiuliza hili na lile la babu, mpaka Kavutha akasema, "Wewe, hiyo saa yako haiishi?"

Akaiinua simu. Dakika sabini na tatu. Jani lilikuwa kijani kama jani. Akalituma zikiwa zimebaki dakika kumi, na waamuzi wakajibu: Imepokelewa.

Kisha akatazama aliyempigia. Mara tatu, zote: Susu.

Susu Kalekye akasukuma simu yake ya tochi ndani zaidi ya leso. "Nilitaka kujua kama inafanya kazi."

"Na ukipiga," akauliza Kavutha, "jembe ulilishika na meno?"

Wanawake wote wakaligeukia jembe la Susu, lililolala penye migomba.

Basi na ijulikane kutoka Mitaboni hadi Athi River kwamba siku ile binti Musili alishinda vita ambavyo katekista alivikimbia, na Jemadari wa Majembe akaonekana akipanda kilima peke yake, kutafuta kuni. Isyo ilikuwa na mafuta mengi.