Ruhusa ya Kukalia Kibanda cha Vern

Kwa furaha isiyo kifani, Kampuni iliutangazia umma kwamba kuanzia majira yale ya baridi hakuna msomaji yeyote wa jimbo letu la Minnesota atakayemiliki kitabu cha kielektroniki, na kwa hiyo hakuna atakayeweza kuibiwa. Mimi, Naibu Msimamizi wa Idara ya Ruhusa za Kusoma, ndiye niliyeandika tangazo hilo. Lilipigiwa makofi ghorofa zote.

Jambo lenyewe halikuwa jipya. Kitufe kilisema "Nunua", ni kweli, lakini kifungu cha arobaini na moja kilieleza kwamba kununua maana yake ni kuruhusiwa kuyatazama maandishi mpaka Kampuni itakapobadili mawazo. Waliobonyeza "Nakubali" bila kusoma wasitulaumu. Mtu anayeshindwa kusoma vifungu, vitabu anavitakia nini?

Tatizo lilitoka mji mdogo wa Ansgar, kando ya ziwa, kwa mjane aitwaye Arlys Tollefson. Mumewe, Vern, alikuwa amenunua kwetu kitabu kinene kuhusu samaki wa maziwa ya kaskazini. Saratani ya koo ilipomnyang'anya sauti, akawa anamwandikia mkewe pembeni mwa kurasa za kitabu hicho, kwenye kishikwambi chao kimoja: leo supu ilikuwa nzuri, usisahau kuzima hita, nakupenda ingawa unakoroma. Mazungumzo yake yote ya mwisho yalikuwa humo. Vern alipofariki, Idara ilitenda haki. Marehemu hasomi, na asiyesoma hahitaji ruhusa. Akaunti ikafungwa, kitabu kikaondolewa, na maneno ya pembeni yakaondoka nacho, kwa kuwa pembe ya ukurasa ni mali ya mwenye ukurasa.

Mama Arlys akapiga simu. Nilimpokea kwa upole uliopendekezwa na mwongozo. Hakulia wala hakutukana. Huku kwetu mtu akikasirika hadi mwisho wa hasira husema tu kwamba jambo ni tofauti kidogo.

"Hii ni tofauti kidogo, mwanangu," akasema. "Kitabu chukueni. Mimi nataka maneno ya mume wangu."

Nikamweleza kuwa kitaalamu haiwezekani. Ila utaratibu ulinitaka nionyeshe huruma, nikamuuliza kama angependa Kampuni ilitazame upya suala lake. Akasema hapana, msijisumbue. Nikauliza tena. Akasema hapana, najua mna kazi nyingi. Sasa, mimi ni mzaliwa wa huku. Hata kipande cha keki hatupokei mpaka tubembelezwe mara tatu. Zile mbili za kwanza mtu hukataa kwa adabu tu. Lakini mwongozo wetu ulisema mara mbili zinatosha, na mwongozo hauli keki. Nikaandika kwamba mteja amekataa kusaidiwa, kisha nikaenda kula chakula cha mchana.

Februari mjane akaviuza vitu vya marehemu uani kwake, kama ilivyo desturi. Rais wa Kampuni, Bwana Gordon Stensrud, ambaye Jumamosi zake zote ni za kuvua samaki, alikuwa akikimezea mate kibanda cha Vern cha kuvulia juu ya barafu: mbao za mwerezi, jiko la gesi, kiti cha kuzunguka, na matundu mawili sakafuni ya kushushia ndoana majini. Akanichukua nimbebee ndoo. Mlangoni mwa kibanda mama Arlys alikuwa ameandika vifungu kwa rangi nyekundu, tena kwa herufi kubwa, kinyume kabisa cha kanuni za taaluma.

"Visome kwanza, bwana," akamwambia.

"Nakubali, nakubali," akasema Rais wetu, akiandika hundi huku macho yake yakiwa kwenye jiko. Nilijivunia sana. Kiongozi lazima aonyeshe mfano.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa katikati ya ziwa lililoganda, ndani ya joto la kibanda, samaki wa kwanza ameshanasa, tuliposikia gari. Alikuwa Duane, jirani wa mjane, na mjane mwenyewe pembeni yake. Duane akaanza kufunga mnyororo kwenye kibanda. Mama Arlys akabisha hodi na kutuomba tutoke.

"Hiki nimekinunua," akasema Rais.

"Umenunua ruhusa ya kukikalia, bwana, mpaka nibadili mawazo. Imeandikwa hapo mlangoni. Sasa nimebadili."

"Na samaki wangu?"

"Amepitia kwenye tundu langu."

Duane akamchukua samaki. Makoti walituachia, jambo lililoonyesha udhaifu mkubwa wa vifungu vyao. Kibanda kikaburutwa pembeni, na Rais wa Kampuni akabaki amekalia ndoo, upepo wa kaskazini ukimchapa usoni. Mkuki kwa nguruwe, akanung'unika Duane, na sikuona uhusiano.

Rais akauliza mama anataka nini. Akajibu kuwa anataka maneno ya Vern. Nikaanza kufafanua kwamba kitaalamu haiwezekani, Rais akanitazama, nikapiga simu ofisini. Kabla pua yake haijabadilika rangi, jambo lisilowezekana lilikuwa limekamilika.

Mama Arlys akatoa kishikwambi, akavua glavu, akasoma palepale juu ya barafu. Alisoma muda mrefu. Alicheka mara moja, kisha akajifuta macho kwa ncha ya skafu, nasi hatukujua pa kutazama. Akasema atayanakili yote kwa kalamu siku hiyohiyo, maana ameshatufahamu.

Halafu akakumbuka adabu.

"Nikurudishie kibanda, bwana?"

Rais ni mtoto wa huku huku, tena wa mchungaji. "Hapana, mama, usijisumbue."

"Kweli? Upepo ni mkali."

"Hapana, hapa panatosha kabisa." Akatabasamu, meno yakigongana, akisubiri kuulizwa mara ya tatu.

"Basi amekataa," mama Arlys akamwambia Duane.

Wakapanda gari, wakaondoka na kibanda. Rais alinigeukia, akitaka nipinge. Sikuwa na la kupinga, kwa maana utaratibu ulikuwa umefuatwa kikamilifu.