Mwaloni wa Ukumbi wa Wachimbaji

Idwal Pugh alipoingia ukumbini kwetu Septemba ile, hakuzitazama kuta za mawe zilizokuwa zikitoka jasho. Alitazama mbao zilizozifunika kuanzia sakafuni hadi kifuani: mwaloni mweusi, mishipa yake imejitokeza kama ya mkono wa babu. Akameza mate. Sisi tukadhani ana kiu, tukampa chai.

Ukumbi huu wa mji wetu wa machimbo, huku Wales kaskazini, ulijengwa na wachimbaji kwa mawe waliyoyapasua wenyewe. Sasa halmashauri ilikuwa imetuandikia: Novemba ikifika kuta bado ni baridi na mbichi, mlango unafungwa. Wazee ishirini wangebaki kutetemeka majumbani, kila mmoja na kikohozi chake.

Pugh, aliyejiita fundi wa majengo, mtu wa koti safi na ulimi uliopakwa siagi, akatufafanulia kwamba ugonjwa wote umo ndani ya zile mbao. Zimeoza, zinafuga unyevu. Angezibandua, akaziba baridi kwa mkono wake, na malipo asingetaka. Angeichukua tu ile takataka akaitupe.

Mimi katibu wa kamati, niliyejisomea vitabu vya ukombozi kwa mwanga wa jiko, ninayekumbuka kila dhuluma tangu mgomo wa babu zetu, ninayemnusa mnyonyaji akiwa ng'ambo ya mlima, ndiye niliyetangulia kupiga makofi. Kisha nikalia. Miaka thelathini nilikuwa nimehutubia mbele ya mwaloni ule, nikisimulia jinsi babu zetu walivyomlazimisha lodi mwenye machimbo kuutoa kwenye msitu wake.

Bi Nesta Bebb, aliyezisugua mbao zile tangu msichana, hakulia.

"Iandike, mwanangu," alimwambia Pugh.

"Niandike nini, mama?"

"Kwamba ni takataka. Mimi ni mtu wa karatasi."

Pugh akaandika, akatia sahihi, akitabasamu kama paka wa muuza samaki. Bi Nesta akaongeza sharti dogo: takataka ingekaa stoo, ufunguo shingoni mwake, mpaka jalidi ya kwanza, ile barafu ya alfajiri, iupime ukuta.

Siku ya pili Pugh alishabandika maplastiki ukuta mzima. Bi Nesta akaweka kiganja, akanusa. Akasema jiwe la kale hupumua, na huyu amelifunga pua. Toa. Ikabidi Pugh aende kwa wafugaji kuomba sufu ya kondoo, ambayo siku hizi haimlipi hata mnyoaji. Aioshe, aichambue, aishindilie ukutani, kisha apige lipu ya chokaa juu yake. Wiki sita. Mikono ambayo haijawahi kushika kizito kuliko kalamu ilitoka malengelenge, nasi tukamsifu kwa moyo wake wa kujitolea. Nilimtungia hotuba.

Jalidi ikaja. Wazee wakaegemea ukuta na kusinzia. Pugh akapewa ufunguo, akapakia gari akiimba.

Baada ya siku mbili alirudi, ubao mmoja kwapani. Alitoka duka la vitu vya kale, ambako walikuwa wamemcheka.

"Mama, umeniibia."

Bi Nesta aliugeuza ubao. Nyuma, kwa herufi zilizofifia: BARUTI. WEKA MBALI NA MOTO. Akatueleza, taratibu, kwamba lodi aliwanyima wachimbaji hata tawi. Babu yake Bi Nesta alivunja makasha matupu ya baruti, msonobari wa hovyo kabisa, akachora mishipa ya mwaloni kwa chanuo na unyoya wa bata.

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza? Wewe fundi uliandika takataka. Nikakuamini."

Pugh akaketi. Muda si muda akavua koti. "Humu kuna joto," alisema, kwa uchungu.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, ndipo Bi Nesta aliponigeukia.

"Na wewe katibu wa hotuba za mwaloni, unacheka nini? Mwenzio kadanganyika wiki sita tu."