Samaki Wenu na Tumbo la Paka Wangu

Duka la Dinesh na Mwanawe,
Mkabala na soko la samaki,
Bagamoyo.

Kwa Bwana Mwinjuma,
Mwenyekiti wa Kamati ya Soko la Samaki.

YAH: OMBI LA KUHAMISHA SOKO LENU KWA AJILI YA TUMBO LA PAKA

Ndugu Mwenyekiti,

Salamu nyingi, na pole kwa majukumu. Najua utashangaa kupokea barua yangu wakati jana tu tulikaa kwenye baraza ya duka langu ukanifunga kwenye bao mbele ya wateja. Jana nilikuwa jirani yako. Leo naandika kama mtu aliyedhulumiwa, na mtu aliyedhulumiwa hutumia bahasha.

Paka wangu anaitwa Malai. Hajatimiza mwaka. Aliingia dukani wakati wa masika, amelowa chapachapa, akapanda juu ya gunia la dengu akalala kana kwamba duka ni lake. Tangu mwanetu Krishna ahamie Mwanza, nyumba yetu ilikuwa kimya mpaka mimi na mke wangu Meena tukawa tunasalimiana kama muuzaji na mteja. Malai ndiye aliyetufanya tucheke tena. Sasa anaharisha, Bwana Mwinjuma. Anapata nafuu kidogo, kisha anaanza upya, na nikimpapasa nazihisi mbavu zake moja moja. Dokta Bilali wa mifugo ameniambia paka mdogo akiendelea hivi hukaukiwa maji mwilini akafa. Naogopa kumpoteza. Nami nikiogopa hutafuta mtu wa kumlaumu, na nilipoinua macho kutoka dukani kwangu nilikuona wewe.

Naomba niyapange malalamiko yangu.

1. Kama ujuavyo, nyumbani kwetu hatuli nyama, samaki wala yai, tangu enzi za babu zangu. Malai naye, kwa kuwa anaishi kwetu, nilimhesabu kuwa ni mwenzetu. Hakuulizwa, lakini hata mimi sikuulizwa. Asubuhi humpa maziwa ya ng'ombe ya vuguvugu. Mchana humpa kichiri, yaani wali uliopikwa pamoja na choroko, nikaumwagia samli juu. Jioni humpa mtindi. Namlisha kwa mkono wangu mwenyewe, simwachii mtu. Chakula hicho ndicho kilichonilea mimi, na tumbo langu, ukiacha gesi kidogo ambayo wateja wameizoea, halina tatizo. Kwa hiyo ugonjwa hauwezi kuwa umetoka jikoni kwangu.

2. Abdala, anayepara samaki pale mlangoni, humrushia Malai vichwa na matumbo. Nilipomwendea kwa upole alinijibu, "Mzee Dinesh, paka akipita mbele yangu bila kupewa kitu, mimi silali." Bi Swaumu, anayekaanga samaki, amempachika jina la Bi Harusi, eti kwa sababu anatembea polepole na shingo kaiinua. Paka wangu sasa ana majina mawili na majiko mawili. Nikimwita Malai hageuki. Akiitwa Bi Harusi anakimbia.

3. Jumamosi iliyopita, duka likiwa limejaa watu, Malai alipanda juu ya mizani na papo hapo tumbo likamshinda. Mwaija, ambaye hununua mchele kwangu tangu hajaolewa, alirudi nyuma akasema, "Baba Krishna, leo mchele nipimie kwa macho. Mizani hiyo siikaribii mpaka uichemshe." Nimeiosha kwa sabuni, kwa ndimu na kwa majivu. Bado wateja wakifika huinama kuinusa kwanza, ndipo waagize.

4. Hili ni zito, naomba ulisome umekaa. Nimegundua kwamba hamumlengi paka, mnanilenga mimi. Ushahidi ni huu: kila nikienda Dar kuchukua mizigo na kulala huko, tumbo la Malai hutulia. Meena hunipa taarifa kwamba amepata choo kizuri, kigumu, cha kuonyesha wageni. Nikirudi tu, nikampokea kwa bakuli la maziwa, kesho yake anaharisha. Nimelitafakari jambo hili sana na nimepata jibu moja tu. Nisipokuwepo, watu wako hawana wa kumkomoa, kwa hiyo humwacha paka kwa amani.

Dokta Bilali alijaribu kunipa maelezo mengine. Alidai kwamba tumbo la paka haliwezani na maziwa ya ng'ombe wala choroko, kwamba nimpe Malai dawa ya minyoo, niachane na samli, kisha awe anachemshiwa samaki bila chumvi, watolewe miiba, apewe kidogo kidogo. Dawa ya minyoo nilimpa. Hayo mengine nilimsamehe daktari, maana yeye amezoea kutibu ng'ombe, na lazima maneno juu ya maziwa yanamchanganya. Nilimsikiliza kwa heshima, nikamshukuru, nikarudi nyumbani nikaongeza samli kidogo ili paka apate nguvu.

5. Harufu. Meena ni mtu ambaye hata neno samaki halitamki. Husema "vile vitu vya sokoni", tena akiwa amegeuza uso. Yeye ndiye mwenye jiko letu na ndiye anayewasha taa ya ibada kila asubuhi. Siku hizi akienda kununua mchicha hurudi mtandio wake unanuka soko zima. Tena mara nyingi hurudi bila mchicha. Nadhani harufu yenu inamvuruga akili, maskini, akasahau alichokifuata. Na nyuma ya tangi la maji nimekuta sufuria ndogo nyeusi nisiyoijua, nayo inanuka vilevile. Ikiwa harufu yenu imeanza kujiingiza ndani ya sufuria za watu, mimi sijui tunaelekea wapi.

Kwa sababu hizo, naiomba Kamati yako ichukue hatua. Wauzaji wote wafunike samaki paka wangu anapopita. Ikishindikana, Bi Swaumu aligeuze kaango lake lielekee baharini. Hilo nalo likishindikana, samaki wasiuzwe siku ambazo mimi na Meena tumefunga, nitakuletea kalenda. Na kama yote haya ni magumu, basi lililo jepesi ni kulihamisha soko. Nilifikiria Mbegani, lakini kule watu wanasomea uvuvi, wataongeza samaki badala ya kuwapunguza. Kerege inafaa zaidi. Iko barabarani, na Malai hawezi kufika huko kwa miguu. Samaki watapelekwa kwa gari na wavuvi watazoea. Najua wanaolitegemea soko ni wengi na paka ni mmoja, lakini hao wengi wana afya.

Nisalimie mama watoto, Saida. Wasalimie wapara samaki wote, na Abdala pia, ingawa kwake salamu ziwe fupi. Bi Swaumu mwambie simchukii. Meena angekusalimu, ila hajui kwamba naandika. Bao la kesho liko palepale.

Mimi mdhulumiwa wako,
Dinesh
(Muhuri wa duka)

Nyongeza baada ya sahihi: Barua hii niliileta mwenyewe wiki iliyopita, nikakuta umesafiri. Nikiwa nimesimama pale na bahasha mkononi, Bi Swaumu aliniita akanipa kifurushi cha gazeti kabla sijafungua mdomo. Akasema, "Afadhali umekuja mwenyewe, Baba Krishna. Mama Krishna leo hajapita. Hivi ni vibua vya Bi Harusi, vichemshwe bila chumvi kama Dokta alivyomwambia mkeo. Na hayo maziwa uache, utamuua mtoto wa watu."

Nilikipokea. Mimi, ambaye sijawahi kushika hata dagaa, nilivuka barabara na vibua kwapani, bahasha yako juu yake, na kila niliyekutana naye akanisalimia kwa furaha. Nilikiweka kifurushi juu ya ile sufuria nyeusi, nikaingia ndani, nikasimama dirishani. Meena alikikuta, akatazama kulia na kushoto, akajifunga mtandio puani, akawasha jiko la mkaa kule nje. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa ile harufu, lakini alitoa miiba yote kwa vidole vyake. Malai alikula mpaka bakuli likawa linasogea sakafuni.

Basi aliyekuwa akimuumiza ni mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa mapenzi. Nililia kidogo. Kisha nikaona maziwa yake yasiharibike, nikayanywa mimi, asubuhi na jioni, tangu siku ile. Malai hajaharisha tena na ameanza kunenepa. Anayekimbilia chooni sasa ni mimi, na Dokta Bilali amekataa kunitibu, anasema mimi si mfugo.

Soko lisihamishwe, tafadhali. Barua nakuletea hivyohivyo kwa kuwa nimeshaigonga muhuri, na uniwie radhi kwa jinsi inavyonuka. Meena bado anadhani sijui, na mimi sitaki ajue. Ukimwona asubuhi na kikapu chake pale kwa Bi Swaumu, usiseme lolote. Msalimie vizuri, kisha umuulize kama mchicha umepatikana.