Bwana Nilikuwepo

Mwanamke alitoka kituo cha polisi na bakuli la chakula ambalo halijaguswa. Bwana Nilikuwepo, aliyekuwa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, akaweka kikombe chini. Bakuli likirudi tupu, mtu kashazoea mahabusu. Likirudi limejaa, kesi bado mbichi, na kesi mbichi ndizo zilizomlisha.

Jina hilo alipewa na mtaa. Ajali ya pikipiki, ugomvi wa wapangaji, mbuzi aliyepotea: kote alikuwepo, ilimradi mwenye shida amkumbuke vizuri. Wala hakujiona mwongo. Alijiona anausaidia ukweli pale unapochelewa.

"Pole, dada yangu. Nani yuko ndani?"

"Mume wangu, kaka." Mwanamke alikuwa fundi cherehani, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. "Wanasema juzi kavunja duka. Na wa kunisaidia kusema alikuwa wapi, sina!"

"Juzi? Mbona alikuwa na mimi?"

Fundi akaacha kulia. "Kweli, kaka?"

"Inategemea utanikumbukaje."

Alimkumbuka kwa televisheni pana, ingali kwenye boksi. Kaka yake fundi, jamaa la kifua kipana, aliibeba mwenyewe hadi chumbani kwa Nilikuwepo, akaifunika na shuka isiingie vumbi. Mtu mwingine angeuliza imetoka wapi. Nilikuwepo aliwaza tu aiweke upande gani isipigwe na jua.

Kesho yake alikaa mbele ya sajini, shati limenyooshwa.

"Unajua kutoa taarifa za uongo kwa polisi ni kosa?"

"Afande, mimi nikidanganya natoka vipele."

"Mlikuwa pamoja muda gani?"

"Asubuhi mpaka jioni. Hatukuachana! Akienda chooni, namsubiri mlangoni."

"Hata dakika moja?"

"Hata ya dawa."

Sajini aliandika taratibu, akamsomea, akampa kalamu. Nilikuwepo akasaini kwa madaha na kupiga mstari chini yake.

"Umetusaidia sana," sajini alisema. "Mume wa fundi amekiri leo asubuhi. Walivunja mchana, mwenye duka akiwa msibani, na walikuwa wawili. Huyo wa pili ndiye tuliyekuwa tunahangaika naye, maana kakataa katakata kumtaja."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Nilikuwepo akatamani asiwepo.

"Afande, nimedanganya! Sikuwa naye! Hata sura yake siijui!"

"Hilo nalo ni kosa, tena unazuia upelelezi. Utachagua mwenyewe utakalo. Ila kwanza twende kwako. Kuna mwanamke kapiga simu, analia kweli, anasema televisheni ya duka iko chumbani kwako."

Ilikuwepo, chini ya shuka, haina hata chembe ya vumbi.

Mahabusu, mume wa fundi alisogea ukutani kumpisha. Bakuli la siku hiyo lilikuwa tupu, limefutwa hadi linang'aa.

"Karibu, ndugu yangu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anakushukuru sana. Anasema tangu siku ile ndiyo leo kapumua."

"Mimi sikujui wewe!" Nilikuwepo alifoka.

"Jamani, usinikane." Mwenzake aliinuka taratibu, akaelekea chooni. "Njoo basi usimame hapa mlangoni, kama ulivyosaini."