Swali la Nyongeza Kuhusu Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Mei

Wiki ya sita kwenye kochi. Shingo imekaza, leo naangalia kushoto tu. Mama mkwe yuko chumbani kwangu pamoja na binti yake, yaani mke wangu. Alikuja kufuatilia pensheni yake iliyokatika ghafla. Alisema siku tatu. Alikuwa askari magereza miaka thelathini na mpaka leo anatuhesabu kila asubuhi. Leo nilikuwa bafuni, hesabu haikutimia, akagonga mlango hadi nikaitika.

Lakini jana nilimkuta anafunga mkono wa miwani yake kwa uzi, kwa sababu hana uwezo wa kununua mingine. Iliniuma. Iliniuma zaidi kwa kuwa aliyemkatia pensheni ni mimi.

Naliandika hili hapa tu, na daftari hili linalala ofisini. Mwaka jana alinitumia fomu ya uhakiki, ile ya kuthibitisha kuwa mstaafu bado anapumua, niipeleke ofisi ya pensheni. Dirisha la wastaafu lilikuwa na foleni mpaka getini. Dirisha la warithi wa marehemu halikuwa na mtu. Nikaenda la warithi. Karani akagonga muhuri bila kuinua uso. Dakika mbili tu! Nilijipongeza njia nzima. Kumbe nimemzika mama mkwe.

Kusema ukweli haiwezekani. Itabidi nitumie akili.

Jumanne, 5 Mei

Nimepata. Kazi yangu wizarani, hiyohiyo inayosimamia pensheni, ni kuandika majibu anayoyasoma Naibu Waziri bungeni. Mbunge akiuliza, mimi ndiye Serikali. Sasa nikimpa mbunge swali, halafu jibu nikaliandika mwenyewe, nani atanizuia? Serikali itaahidi kuwarudishia pensheni wote waliokatiwa kimakosa, kwa mpigo mmoja, bila kufukua faili la mtu. Mama anarudi kwake, mimi narudi kitandani.

Mbunge nimempatia kwa fundi viatu, mkabala na wizara. Mgeni kabisa, tangu aapishwe hajafungua mdomo. Nikamwachia swali limeshapigwa chapa. Akauliza kama wenzake watamgongea meza. Nikamwambia zitavunjika.

Alhamisi, 7 Mei

Mambo yameharibika. Swali limefika wizarani, na mkuu wetu wa kitengo amempa Bwana Rula. Huyu ndiye jirani yangu wa meza. Makosa ya wenzake huyapigia mstari mwekundu, mstari ulionyooka. Nilimwomba aniachie mimi, nikasema nina uchungu na wastaafu. Akajibu kuwa kwa miaka tisa hajaniona na uchungu wowote isipokuwa chai ikichelewa. Anataka kupitia mafaili. Moja moja! Nikamshauri aandike tu kwamba mchakato unaendelea, ndivyo tulivyolelewa hapa. Akachonga penseli.

Nyumbani ndiyo balaa. Nilijisifu kwa mke wangu kwamba nina mbunge mfukoni. Akamwambia mama yake. Mama yake akang'arisha viatu, akaenda kumwona huyo mbunge. Wamekaa saa mbili na ameondoka na mwaliko wa kuja bungeni.

Ijumaa, 8 Mei

Nimekwenda masjala kulichomoa faili la Mama. Mtunza masjala akasema Bwana Rula amenitangulia. Akauliza marehemu ni nani kwangu. Nikasema mama mkwe. Maskini, akanishika bega, akaniambia nisijikaze, nilie tu. Ningefanyaje? Nikalia kidogo.

Saa tisa nimeletewa kadi ya rambirambi, ofisi nzima imetia sahihi. Bwana Rula ameandika kwamba atahakikisha haki ya marehemu inapatikana. Nimeificha kadi nyuma ya kabati. Nimepewa na ruhusa ya siku moja, hiyo sikuikataa.

Jumanne, 12 Mei

Siku ya swali. Nilikaa nyuma, kwenye viti vya maofisa. Mama alikuwa juu, jukwaa la wageni, safu ya mbele, gauni limenyooka kama karatasi mpya.

Naibu Waziri akasoma jibu la Bwana Rula: Serikali haina taarifa ya mstaafu yeyote aliye hai aliyekatiwa pensheni. Mbunge wangu akasimama na swali la nyongeza, ambalo mimi sikuliandika. Kama ndivyo, akasema, yule mama aliyeketi pale juu ni nani? Akataja namba yake ya pensheni. Naibu Waziri akapekua karatasi, akapata, na kwa bahati mbaya akaisoma yote kwa sauti. Kwamba mstaafu huyo alifariki mwaka jana. Kwamba taarifa ililetwa na mkwe wake, ofisa wa wizara hiyohiyo.

Mama akasimama. Mgeni haruhusiwi kusimama. Askari wa Bunge akamwendea, Mama akamwambia mkanda wake umekaa upande. Askari akaurekebisha. Meza zikagongwa mpaka Spika akachoka kutuliza watu, kisha akaagiza mama yule awe hai katika kumbukumbu zote kabla ya Ijumaa.

Waheshimiwa waligeuka kunitafuta. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Nyumbani nilitegemea mvua ya matusi. Mama aliniuliza jambo moja tu: mkwe wangu, kwa nini hukuniambia? Muda wote huo alidhani Serikali aliyoitumikia imemsahau. Sikuwa na jibu, mimi ninayelipwa kuandika majibu. Niliona aibu hadi chakula kikanishinda. Nimeapa, mbele yake na mbele ya mke wangu: mipango ya pembeni basi.

Jumatatu, 25 Mei

Pensheni imerudi, pamoja na malimbikizo. Mama ana miwani mipya. Nimefurahi kweli, kutoka moyoni.

Tatizo ni kwamba hajaondoka. Saa mbili asubuhi anatoka na bahasha kwapani, jioni anarudi, moja kwa moja chumbani kwangu. Anasema siku hizi ana shughuli mjini. Shughuli gani, sikuuliza, mimi nina shingo ya kuuguza.

Kwa hiyo leo mchana nimepita kwa fundi viatu na swali jipya. Je, Serikali ina mpango gani wa kuwahimiza wastaafu waliokwisha kulipwa waondoke kwenye nyumba za wakwe zao? Jina langu halimo, nimejifunza. Mbunge amelipenda. Ila amesema maswali yote ya wastaafu sasa yanapitiwa kwanza na mshauri wake mpya, mstaafu mmoja anayeyajua mambo hayo mpaka kwenye mifupa, ameanza kazi wiki iliyopita.

Nikamwambia safi sana, ampe leo hiihii.